Mhakiki Aliyetaka Kuzima Mawimbi

Januari 1803, jarida la Edinburgh Review, ambalo toleo lake la kwanza lilikuwa limetoka Oktoba tu ya mwaka uliotangulia, lilichapisha uhakiki usio na jina la mwandishi. Aliyehakikiwa alikuwa Thomas Young, daktari wa London mwenye umri wa miaka 29. Kosa lake? Alikuwa amesema kwamba mwanga ni mawimbi. Mhakiki alimjibu kwa Kiingereza cha kupendeza kwamba katika makala yake hamna kitu kinachostahili kuitwa jaribio wala ugunduzi. Akamsuta kwa kubadilisha mawazo kila kukicha, na akaikemea hata Royal Society ya London kwa kuchapisha mambo mepesi kiasi kile.

Mhakiki huyo alikuwa Henry Brougham, mwanasheria wa miaka 24 na mmoja wa waanzilishi wa jarida. Hakuwa mbumbumbu wa mambo ya mwanga. Akiwa kijana mdogo aliwahi kuchapisha makala kuhusu mwanga katika jarida la Royal Society hiyohiyo, akifuata njia ya Isaac Newton. Wala hakuwa mtu mbaya. Baadaye alipigana bungeni dhidi ya biashara ya watumwa, na alikuwa Lord Chancellor wa Uingereza ilipopitishwa sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya himaya yake. Lakini kwa Young alikosea, tena vibaya.

Mimi ni mwandishi wa habari, na nyinyi mnaosoma humu ni watu wa vitabu. Mnaweza kuuliza habari za fizikia zinatuhusu nini. Kwangu mimi, kisa hiki kinatuhusu sisi watu wa kalamu kuliko tunavyodhani. Ni kisa cha uhakiki uliojaribu kuzima wazo la kweli, na cha uhakiki mwingine, miaka 15 baadaye, ambao ulilipinga wazo hilohilo na kwa kulipinga ukalithibitisha. Tofauti kati ya wahakiki hao wawili ndiyo ninayotaka tuione. Ila ili tuione vizuri, lazima kwanza tukubaliane wimbi ni kitu gani.

Maji hayaendi popote

Chukua kifuu cha nazi, kiweke juu ya maji ya bwawa yaliyotulia, kisha tupa jiwe pembeni. Miduara itatoka pale jiwe lilipoangukia na kusambaa hadi ukingoni. Sasa kiangalie kifuu. Kinapanda, kinashuka, kinayumba kidogo mbele na nyuma, halafu kinabaki karibu palepale kilipokuwa. Kama miduara ile ingekuwa maji yanayosafiri, kifuu kingechukuliwa mpaka kando.

Basi kinachosafiri ni mtikisiko. Kila sehemu ya maji inaisukuma jirani yake, jirani anamsukuma jirani wa pili, habari inafika ng'ambo, lakini hakuna aliyehama kwake. Kiswahili kimetupa maneno mawili hapa na tusiyachanganye. Mkondo unahamisha maji. Wimbi linahamisha nguvu, maji yakibaki nyuma. Sisi wa magazetini tukiandika "wimbi la ujambazi lahamia mjini" tunamaanisha majambazi wenyewe wamehama, kwa hiyo kwa lugha ya fizikia ule ni mkondo wa ujambazi. Uvumi, huo ndio wimbi hasa: unafika Mwanza asubuhi na Mtwara jioni, na hakuna mtu aliyepanda basi.

Mfano mzito zaidi tuliuona Desemba 26, 2004. Chini ya bahari karibu na Sumatra ardhi ilipasuka na kuinuka, ikayasukuma maji yaliyokuwa juu yake. Tsunami ile ilivuka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 6,000, kwa kasi inayokaribia ile ya ndege ya abiria, na siku hiyohiyo ikaua watu Somalia, Kenya na Tanzania. Somalia peke yake walikufa karibu watu 300. Maji ya Sumatra hayakufika Dar es Salaam siku ile. Yaliyoua pwani yetu yalikuwa maji ya pwani yetu, yakisukumwa na nguvu iliyotoka mbali.

Wimbi hupimwa kwa vitu vichache tu. Kuna urefu wake, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Kuna kimo, yaani linainuka kiasi gani juu ya usawa wa kawaida. Na kuna masafa, yaani ni mawimbi mangapi yanapita mahali pamoja kwa sekunde moja. Ukizidisha urefu kwa masafa unapata kasi. Ndiyo hesabu yote.

Redio inayokamatwa kwenye FM 100 inatuma mawimbi milioni 100 kila sekunde, na kwa kuwa yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kila moja lina urefu wa mita 3. Waliokua na redio za mkulima wanakumbuka watangazaji wakitaja masafa mafupi, mita 31 au mita 49. Mita hizo hazikuwa umbali wa kituo. Ulikuwa urefu wa wimbi lenyewe, mrefu kuliko basi, likipita sebuleni bila mtu kuliona.

Hoja ya Newton

Kwamba sauti ni mtikisiko, watu walikubali mapema. Mwaka 1660 Robert Boyle alichapisha majaribio yake ya kunyonya hewa kutoka kwenye chombo cha kioo. Alining'iniza saa ndani yake, na kadiri hewa ilivyopungua ndivyo mlio wa saa ulivyofifia mpaka usisikike. Saa ilikuwa bado inatembea. Kilichokosekana ni hewa ya kupokezana mtikisiko.

Mwanga ulikuwa kesi ngumu zaidi. Mholanzi Christiaan Huygens aliandika kitabu, kilichotoka 1690, akisema mwanga nao ni wimbi: kila sehemu iliyoguswa na wimbi inakuwa chanzo kipya cha wimbi dogo, na mawimbi madogo hayo yakijumlishwa yanaunda sura ya wimbi kubwa linalosonga mbele. Newton hakukubali. Kwake ilielekea zaidi kwamba mwanga ni chembe ndogo mno zinazorushwa na kitu kinachowaka, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Ukisimama nyuma ya ukuta unamsikia mtu anayeongea upande wa pili, kwa sababu sauti inapinda na kuzunguka kona. Lakini humwoni. Mwanga unakwenda moja kwa moja na kuacha kivuli chenye ukingo mkali. Kama ni wimbi, mbona haupindi?

Jibu lilikuwa tayari limeandikwa. Padri Mwitalia, Francesco Grimaldi, aliona kwamba mwanga unaopita kwenye tundu dogo sana unapanuka kupita ilivyotarajiwa, na kwamba kwenye ukingo wa kivuli kuna mistari ya rangi. Kitabu chake kilitoka 1665, yeye akiwa ameshafariki. Mwanga unapinda, ila kidogo mno, kwa sababu urefu wa mawimbi yake ni mdogo mno. Wimbi huzunguka vizuri kitu kinacholingana na urefu wake. Mlango unalingana na mawimbi ya sauti ya mtu, kwa hiyo sauti inauzunguka. Kwa mwanga, mlango huohuo ni sawa na pengo kati ya mabara mawili. Newton aliijua mistari ile, akaieleza kwa njia nyingine: chembe zinavutwa au kusukumwa zinapopita karibu na kitu.

Kitabu chake kuhusu mwanga kilitoka 1704. Baada ya hapo kikafuata kile kinachotokea mara nyingi kwa watu wakubwa. Newton mwenyewe aliacha maswali mengi wazi mwishoni mwa kitabu, lakini waliomfuata waliyafunga kwa niaba yake. Kwa karibu miaka 100 nchini Uingereza, kusema mwanga ni wimbi ilikuwa ni kujitafutia lawama.

Bamvua na maji mafu

Wazo la Young linaeleweka haraka zaidi kwa mtu wa pwani kuliko kwa mtu wa bara. Bahari yetu inavutwa na mwezi na pia na jua, na kila kimoja kinazalisha maji kujaa na kupwa kwake. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, mivuto miwili inakubaliana. Kujaa kwa jua kunaangukia juu ya kujaa kwa mwezi, na tunapata bamvua, maji yanapanda sana na kutoka sana. Mwezi ukiwa nusu, kujaa kwa kimoja kunakutana na kupwa kwa kingine, vinapunguzana, na yanakuja maji mafu. Hayafutiki kabisa kwa sababu mwezi una nguvu zaidi ya mara mbili ya jua katika kazi hiyo. Mvuvi wa Lamu au wa Kilwa anapanga safari zake kwa hesabu hiyo bila kuhitaji cheti cha fizikia.

Kanuni ni hii: mawimbi mawili yakikutana, yanajumlishwa. Kilele juu ya kilele kinatoa kilele kikubwa. Kilele juu ya bonde kinatoa utulivu. Wanafizikia wanaita mwingiliano wa mawimbi. Na hapa pana kichekesho cha historia: Newton mwenyewe aliitumia kanuni hii. Katika kitabu chake kikuu cha 1687 alieleza bandari moja ya Tonkin, katika Vietnam ya leo, ambako kuna siku maji hayajai wala hayapwi. Alisema maji yanafika pale kwa njia mbili, moja ikichelewa saa sita kuliko nyingine, na siku hizo yanafutana. Alikuwa na ufunguo mkononi, akautumia kwenye bahari, na hakuujaribu kwenye mlango wa mwanga.

Young aliujaribu. Alianzia kwenye sauti, kwani tasnifu yake ya udaktari, Göttingen 1796, iligusia sauti ya binadamu. Alijua kwamba milio miwili iliyokaribiana sana bila kulingana inatoa mlio mmoja unaovimba na kunywea. Mpiga kanuni wa taarab anaijua hali hiyo anapolinganisha nyuzi tatu za noti moja: uzi mmoja ukiwa chini kidogo, mlio unatetema, na anakaza mpaka utulie. Kuvimba na kunywea kule ni bamvua na maji mafu ya hewa. Kwa hiyo, Young alijiuliza, kama mwanga ni wimbi, si lazima mahali fulani mwanga ukijumlishwa na mwanga tupate giza?

Novemba 1803 aliieleza Royal Society jaribio lake. Kwenye ubao wa dirisha palikuwa na tundu la sindano linaloingiza uzi mwembamba wa jua. Katikati ya uzi huo alisimamisha ukingo wa kipande cha kadi, chenye upana usiofika milimita moja, hivi kwamba mwanga ukapita pande zake mbili. Ndani ya kivuli cha kadi ilionekana mistari, mwanga na giza vikipishana. Kisha akaziba mwanga wa upande mmoja tu. Mistari ya ndani ya kivuli ikatoweka, ingawa mwanga wa upande wa pili ulikuwa unaendelea kupita kama kawaida.

Simama kidogo hapo. Kuna sehemu zilizokuwa na giza pande zote mbili zikiwa wazi, na zikapata mwanga upande mmoja ulipozibwa. Ukiziba mwanga unapata mwanga. Chembe zinazorushwa kama kokoto haziwezi kufanya hivyo. Kokoto ukiziongeza zinaongezeka tu.

Tayari, kabla ya hapo, Young alikuwa amekokotoa urefu wa mawimbi ya kila rangi. Akatumia vipimo vya nani? Vya Newton, alivyovichukua Newton mwenyewe kwenye rangi zinazotokea kati ya vioo viwili vilivyogusana. Ni rangi za jamii moja na zile za povu la sabuni, au za tone la dizeli juu ya dimbwi la barabarani: mwanga unaorudi kutoka juu ya utando unakutana na ule unaorudi kutoka chini yake, rangi nyingine zinaongezana na nyingine zinafutana. Young akapata kwamba milimita moja inaingiza karibu mawimbi 1,500 ya mwanga mwekundu na zaidi ya 2,300 ya zambarau. Vipimo vyetu vya leo haviko mbali na hapo.

Mhakiki wa kwanza

Oktoba 1804 Brougham akarudi, safari hii akilishukia jaribio la kadi. Alidai kwamba lazima kuna kosa katika jaribio. Kila hoja yake ilisimama juu ya jambo moja: Newton alishasema, na huyu kijana ni nani? Waliosimulia maisha ya Young wanaongeza kwamba palikuwa na kinyongo cha nyuma, kwa kuwa Young aliwahi kukosoa hesabu za Brougham.

Young alijibu kwa kijitabu mwaka huohuo. Alilalamika kwamba mhakiki alishindwa kulieleza jaribio, hakuwa muungwana wa kukiri kwamba ameshindwa, na alikuwa mvivu wa kulirudia, kwa hiyo akaona afadhali aseme limekosewa. Akamtaka kwanza afanye jaribio lile, ndipo ayakatae matokeo akiweza. Vifaa vyenyewe ni kadi na jua. Kwa masimulizi ya Young, kijitabu kile kiliuza nakala moja.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Edinburgh Review ilisomwa kila mahali, kijitabu kilisomwa na mtu mmoja. Na uhakiki ule ulikuwa umeandikwa vizuri. Mtu asiye na nafasi ya kupima mambo mwenyewe, yaani karibu kila msomaji, angemwamini anayeandika kwa raha na kujiamini. Sisi tunaoishi kwa sentensi tuogope kidogo hapo. Sentensi tamu haina uhusiano wowote na ukweli wa kilichomo ndani yake.

Tusimtwike Brougham lawama zote. Young aliandika kwa namna ngumu. Aliruka hatua, na nadharia yake haikuwa na hisabati ya kutosha kumwezesha mwingine kukokotoa kila mstari ungeangukia wapi. Hata bila uhakiki ule, huenda wengi wasingemfuata. Wala hakunyamaza kabisa. Mihadhara yake aliyoichapisha 1807 ina maelezo ya mwanga unaopita matundu mawili, jaribio ambalo leo limo katika vitabu vya shule dunia nzima. Lakini nguvu zake alizielekeza kwingine, kwenye udaktari na kwenye lugha.

Na hapa wapenzi wa fasihi wakae vizuri, maana mtu huyu ni wetu pia. Mwaka 1813, akihakiki kitabu cha lugha za dunia katika jarida la Quarterly Review, Young alikuwa wa kwanza kuandika neno linaloziita lugha za Ulaya na India familia moja, Indo-European. Neno hilo lilizaliwa ndani ya uhakiki. Kuanzia 1814 alilivaa Jiwe la Rosetta, akatambua kwamba jina la mfalme Ptolemaio limeandikwa kwa alama za sauti ndani ya duara la kifalme, na 1819 akachapisha matokeo yake katika ensaiklopidia ya Britannica, miaka mitatu kabla ya Champollion kufungua mlango wote. Mtu aliyeambiwa hana ugunduzi hata mmoja!

Mhakiki wa pili

Mawimbi yakahamia Ufaransa. Augustin Fresnel alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja. Mwaka 1815 Napoleon alipotoroka Elba na kurudi madarakani, Fresnel aliunga mkono upande wa mfalme, akapoteza kazi. Akaenda kukaa kwa mama yake kijijini Mathieu, Normandie. Hakuwa na maabara. Fundi wa kijijini alimtengenezea vifaa vya kupimia, na lenzi yake ilikuwa tone la asali. Hakuwa anajua alichokwisha kukifanya Young. Kwa asali na chuma cha kijijini akaifikia mistari ileile, ila yeye aliongeza kilichokosekana: hisabati. Alichukua wazo la Huygens, la kila sehemu kuwa chanzo cha wimbi dogo, akalichanganya na kanuni ya kujumlisha, na akaweza kukokotoa mwanga na giza mahali popote.

Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilikuwa kimetangaza shindano la insha juu ya kupinda kwa mwanga. Fresnel aliwasilisha yake 1818. Kati ya waamuzi watano, watatu walikuwa watu wa chembe: Laplace, Biot na Siméon Denis Poisson. Poisson alikuwa bingwa wa hesabu, na aliisoma insha ile akitafuta pa kuichinjia.

Akapapata. Alichukua hesabu za Fresnel mwenyewe na kuzipeleka mahali ambako Fresnel hakufika. Tuseme mwanga unatoka kwenye nukta moja na kuangukia sahani ndogo ya duara. Nyuma yake kuna kivuli. Katikati kabisa ya kivuli hicho, umbali kutoka kila sehemu ya ukingo ni uleule. Kwa hiyo mawimbi yote yanayopinda kwenye ukingo yanafika pale yakiwa yamesafiri sawasawa, kilele juu ya kilele. Basi katikati ya kivuli, mahali penye haki ya giza kuliko pote, panapaswa kuwa na doa la mwanga. Poisson akaona mambo yamekwisha. Nani amewahi kuona upuuzi kama huo?

Mwamuzi mwingine, François Arago, akaona bora waangalie. Alichukua kisahani cha chuma chenye kipenyo cha milimita 2, akakibandika kwenye kioo kwa nta, akakimulika. Doa lilikuwepo. Fresnel alipewa tuzo 1819, na doa hilo mpaka leo wengi wanaliita kwa jina la mtu aliyelitaja ili kulikana: doa la Poisson.

Yeye mwenyewe hakugeuka siku ile. Lakini alimsoma Fresnel kwa uzito kuliko rafiki yeyote angemsoma. Alikubali kwa muda kila kanuni ya mpinzani wake, akaifuata hatua kwa hatua bila kuipotosha, mpaka ikafika mahali ambapo inaweza kuangaliwa kwa macho. Brougham alisimama mlangoni akimtukana mwenye nyumba. Poisson aliingia, akapita kila chumba akitafuta ufa, na akatuonyesha chumba ambacho mwenye nyumba hakujua anacho.

Huu ndio uhakiki ninaouheshimu, na nitauheshimu hata pale unaponipinga. Haujali kama mwandishi ni mgeni au ana jina. Unamchukulia kwa maneno yake na kumuuliza: kama hili ni kweli, nini kingine lazima kiwe kweli?

Yaliyofuata

Likabaki tatizo moja. Mwanga ukipitishwa kwenye fuwele fulani unakuwa na upande, kana kwamba una kulia na kushoto. Sauti haina tabia hiyo, kwa sababu mtikisiko wake unakwenda mbele na nyuma katika njia ileile unayosafiria. Young katika barua kwa Arago mwaka 1817, na kisha Fresnel kwa ukamilifu 1821, waliona jibu: mwanga unatikisika kukatiza njia yake, kama kamba ya watoto wanaporuka, mawimbi yakienda mbele huku kamba yenyewe ikipanda na kushuka. Kamba kama hiyo ukiipitisha kati ya nondo mbili za dirisha zilizosimama, wimbi la juu na chini litapita na la kulia na kushoto litakwama. Baadhi ya miwani ya jua inapunguza mng'aro wa bahari kwa kanuni hiyo.

Fresnel alifariki 1827 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 39. Young akafuata 1829. Mwaka 1850 Léon Foucault alipima mwendo wa mwanga ndani ya maji. Watu wa chembe walikuwa wamesema lazima uwe wa kasi zaidi kuliko hewani, watu wa mawimbi wakasema lazima upungue. Ulipungua. Katika miaka ya 1860 James Clerk Maxwell alionyesha kwamba wimbi la mwanga ni la umeme na sumaku, na kuanzia 1887 Heinrich Hertz akazalisha mawimbi ya jamii hiyo maabarani, marefu zaidi, ambayo leo yanabeba redio na simu zetu.

Halafu, 1905, Albert Einstein akaleta hoja kwamba mwanga, unapoing'oa elektroni kwenye chuma, unatenda kama mafungu yaliyohesabika. Chembe zikarudi! Lakini si zile za Newton. Mwaka 1909 G. I. Taylor alipunguza mwanga mpaka ukawa hafifu kupita kiasi, akaacha picha ijichore kwa miezi, na mistari ya Young ikatokea vilevile. Leo tunafundisha kwamba mwanga unafika kama chembe na kujigawa kama wimbi, na anayesema jambo hilo halimsumbui hajalifikiria vya kutosha. Newton hakushinda, Young hakushindwa. Swali lenyewe ndilo lililokuwa kubwa kuliko wote wawili.

Na Brougham? Aliishi miaka mingi, mpaka 1868. Akiwa amepita miaka 70, baada ya siasa, mahakama na kelele zote, alirudi kwenye mwanga. Alifanya majaribio yake kwenye jua la kusini mwa Ufaransa, na matokeo yakachapishwa na Royal Society mwaka 1850, mwaka uleule wa Foucault. Hayakubadilisha chochote katika fizikia. Lakini nampa heshima yake kwa hilo moja: hatimaye alichukua vifaa, akasimama mbele ya mwanga, akaangalia mwenyewe. Young alikuwa amemwomba afanye hivyo miaka 46 nyuma.